Mjadala: Cantona ni mwigizaji kweli, au ni jina la mpira tu linalouza filamu?

Mleta mada
Wakuu, likitajwa jina la Eric Cantona, yule Mfaransa wa Manchester United aliyegeukia filamu, watu hugawanyika. Wengine wanasema alitundika daluga mapema mno: Mei 1997, miaka 30, kitambaa cha nahodha mkononi na ubingwa wa Uingereza ndiyo kwanza umeingia kabatini. Wengine wanasema sinema ni kazi yake ya pili halali na ameifanya vizuri. Mimi niko na wale wa kwanza. Mabao 82 katika mechi 185 za Manchester United, ubingwa wa ligi mara 4 ndani ya misimu 5, halafu unaondoka miaka miwili kabla timu haijabeba Ligi ya Mabingwa ya 1999? Na huko kwenye filamu anachouza ni sura ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Angekuwa mtu wa kawaida, nani angemwita?

Mshika kibendera
Mkuu, tuweke hesabu sawa kwanza. Ule msimu mmoja walioukosa ni 1994/95, Blackburn walichukua kwa pointi moja, na Cantona hakuwepo tangu Januari. Tarehe 25 Januari 1995, Selhurst Park, nyumbani kwa Crystal Palace, alilambwa kadi nyekundu kwa kumpiga teke beki Richard Shaw, na wakati anatoka akamrukia shabiki wa Crystal Palace kwa mguu. Klabu ikamfungia hadi mwisho wa msimu na kumtoza faini ya pauni 20,000. FA, chama cha soka cha England, ikasogeza kifungo hadi 30 Septemba, ikaongeza pauni 10,000. Mahakama ilimpa wiki mbili jela, rufaa ikazigeuza saa 120 za kuitumikia jamii, akazimaliza akifundisha watoto mpira.

Sasa angalia: mwaka huohuo wa 1995 yumo kwenye filamu ya Kifaransa *Le bonheur est dans le pré*, anacheza mwanaraga. Kwa hiyo sinema haikuja baada ya mpira, ilianza akiwa bado mchezaji. Na haikumpunguza kitu. Alirudi 1 Oktoba dhidi ya Liverpool, akafunga penati siku hiyohiyo, msimu ukaisha kwa ligi na Kombe la FA, na bao pekee la fainali lilikuwa lake.

Kuhusu 1999: aliyesajiliwa kuziba nafasi yake mwaka 1997 ni Teddy Sheringham, ndiye aliyesawazisha dakika za nyongeza za fainali kule Barcelona. Kitambaa kikaenda kwa Roy Keane. Ukimrudisha Cantona kikosini lazima umtoe mtu.

Jicho la kamera
Nije kwenye uigizaji wenyewe, maana huku ndiko wachezaji wengi huanguka, na sababu zinajulikana.

Mchezaji amezoea kufuata mpira kwa macho. Mbele ya kamera anatakiwa atembee hadi kwenye alama iliyobandikwa sakafuni, asimame juu yake bila kuiangalia, maana ukungu au uwazi wa picha umepimwa kwa umbali huo. Akipitiliza hatua moja, uso unatoka na ukungu. Pili, kila kipande kinarudiwa mara nyingi. Kama picha ya mbali ameshika glasi mkono wa kulia na ya karibu ameishika kushoto, mhariri hawezi kuviunga. Tatu, sauti. Uwanjani unamwita mwenzako aliye mita 30; maikrofoni iko juu kidogo ya kichwa chako, inataka uongee kama mtu wa mezani.

Cantona alichofanya ni kuchagua uhusika unaolingana na mwili na ulimi wake. Kwenye *Elizabeth* ya 1998 ni balozi wa Ufaransa mbele ya malkia. Lafudhi ni yake, kifua mbele ni kilekile cha uwanjani, maneno machache. Mpe uhusika wa polisi wa London, sentensi ya kwanza tu imeharibika. Vinnie Jones, naye mchezaji mpira aliyeingia filamu, alifanya hivyohivyo kwa njia yake: alianza 1998 na mbabe wa mtaani, akabaki na wababe. Pelé naye katika *Escape to Victory* ya 1981 hadi leo anakumbukwa kwa ile tikitaka tu.

Mleta mada
Basi umenisaidia mwenyewe. Kama anachaguliwa uhusika unaofanana naye, hajaigiza.

Jicho la kamera
Ndugu yangu, kucheza nafasi yako mwenyewe ni kugumu kuliko unavyodhani. Tazama *Looking for Eric* ya mwongozaji Ken Loach, 2009, ambamo Cantona anacheza kama Cantona. Loach hupiga picha kwa mfuatano wa hadithi na huwaficha waigizaji kinachokuja. Steve Evets, anayecheza mtu wa posta aliyekata tamaa, hakuambiwa kwamba Cantona yumo. Anapogeuka na kumkuta chumbani, ule mshtuko haukufanyiwa mazoezi. Cantona kazi yake ni kutulia, kumwachia mwenzake tukio lote.

Halafu kuna pale anapoulizwa wakati wake mtamu kuliko yote. Unangoja bao. Anajibu kwamba ni pasi: ile ya Januari 1993 dhidi ya Tottenham, nje ya mguu wa kulia, mpira unapita juu ya mabeki na kumkuta Denis Irwin, naye anafunga. Mtu anayejitangaza asingechagua bao la mwingine.

Mshika kibendera
Mimi naongeza *Dérapages* ya 2020, sehemu sita. Anacheza ofisa rasilimali watu aliyepoteza kazi, anavumilia vibarua vya kudhalilisha hadi analipuka. Ile kola aliyokuwa akiisimamisha uwanjani haipo, hakuna anayemwimbia. Na yeye ndiye anabeba mfululizo mzima, hana pa kujificha.

Mleta mada
*Dérapages* nakubali, ile ni kazi ya mwigizaji. Ila kwa 1997 sijashuka. Walitolewa na Borussia Dortmund kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakifungwa 1-0 ugenini na 1-0 Old Trafford, na mechi yake ya mwisho ilikuwa West Ham tarehe 11 Mei. Miguu bado ilikuwepo. Yule balozi wa kwenye *Elizabeth* angeweza kungoja mwaka mmoja zaidi.