Mwongozo wa kambi ya skauti wa miaka ya 70: kipi bado kinafaa kwa watoto wa leo?

mratibu_tanga:
Habari zenu wakuu. Tunaandaa kambi ya siku tano Lushoto, likizo ya Juni, watoto 60 wa miaka 9 hadi 14, wengi wao wanatoka Tanga mjini. Tumerithi mwongozo uliochapwa kwa taipureta miaka ya 70: siku kumi, mahema ya turubai, mfereji kuzunguka kila hema, kuni, panga kwa kila mtoto, kuoga mtoni alfajiri, kiongozi mmoja kwa watoto 15, wazazi waje siku ya mwisho tu. Yapo mazuri humo, na yapo yanayotutia wasiwasi. Tubakize nini, tuache nini?

mkufunzi_skauti:
Karibu, mkuu. Bakizeni makundi madogo, hilo ndilo lililodumu tangu mwanzo. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipoweka kambi ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika makundi manne, kila moja na kiongozi kijana. Aliwaamsha kwa pembe ya tandala aliyotoka nayo kusini mwa Afrika. Ninyi wa 60 mtapata makundi manane ya watoto saba au wanane, wavulana mbali na wasichana mbali kwenye kulala. Watoto wanane wakila na kufanya kazi pamoja, mmoja akikosekana wenzake wanagundua papo hapo. Ukiwaacha 30 kwenye bweni moja, hakuna anayejua.

Mfereji uacheni. Ulikuwa na maana enzi za turubai lisilo na sakafu. Kwenye miteremko ya Usambara, mfereji huo mvua mbili tatu zikipita unageuka korongo. Chagueni mwinuko kidogo, mlango wa hema utazame chini ya mteremko.

Mwongozo utakuwa unasema pia mkate miti michanga ya kutengenezea meza na viango vya vyombo. Msiguse. Mkiwa karibu na Magamba, ile ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na hata kuingia mnahitaji kibali. Nunueni mirunda mikavu, fungeni kwa kamba ya katani, mkimaliza fungueni mkaitunze kwa mwaka ujao. Mafundo watoto watajifunza yale yale. Panga zikae stoo, zitoke kwa hesabu na zirudi kwa hesabu.

mpishi_wa_makundi:
Kuhusu kuni: serikali imeshaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Ninyi mko chini ya hapo, lakini nendeni na gesi tu. Tahadhari moja: jiko kubwa kwenye mtungi wa kilo 6 halidumu. Gesi ikitoka kwa kasi mtungi unapoa, unaota barafu kwa nje, moto unafifia na sufuria bado haijachemka. Kwa baridi ya Juni huko milimani ni mbaya zaidi. Chukueni mitungi ya kilo 15, miwili ikifanya kazi na mmoja wa akiba.

Kwa watu 70 pamoja na walezi, mlo mmoja: mchele kilo 9, au sembe kilo 10 hadi 11. Maharage makavu kilo 5. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, halafu yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto. Wapishi wanaobana gesi huyaacha yatokote polepole tangu mwanzo. Maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu, na kambi nzima itatapika. Lushoto ni kama mita 1,400 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo ongezeni muda kuliko mliouzoea Tanga. Ya kunywa yakishachemka kwa kububujika dakika moja yanatosha.

muuguzi_wa_watoto:
Kuoga mtoni alfajiri kufutwe kabisa. Mtoto mwenye sikoseli akipigwa na baridi ile anaweza kuingia kwenye maumivu makali. Fomu ya mzazi iulize wazi: sikoseli, pumu, kifafa, mzio, dawa anazotumia. Wenye sikoseli wapewe blanketi la ziada na wanywe maji mara kwa mara.

Homa isipuuzwe kwa sababu Lushoto mbu ni wachache. Mtoto anaweza kuwa ameng'atwa Tanga wiki moja au mbili kabla na malaria ikamtokea kambini. Apimwe siku hiyo hiyo.

Vyoo: tundu moja kwa watu 20, ya wavulana na wasichana mbali mbali, angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji.

Na kiongozi mmoja kwa watoto 15, hapana. Kila shughuli iwe na watu wazima wawili, na mtu mzima asijifungie peke yake na mtoto, iwe hemani, bafuni au kwenye gari. Walezi walale mahema yao. Simu za watoto zibaki nyumbani, lakini wazazi wapate ujumbe kila jioni saa ile ile, na watoto wote waijue namba 116, Simu ya Mtoto. Ni bure.

mratibu_tanga:
Asanteni sana, nimeshaanza kubadilisha ratiba. Swali dogo: tumeazimwa mahema ya turubai ya zamani, na tuna machache ya nailoni. Yanatunzwa sawa?

mkufunzi_skauti:
Hapana. Kamba za katani au pamba zikilowa zinafupika na kung'oa vigingi, kwa hiyo zilegezeni kabla ya mvua. Za nailoni zikilowa zinalegea, hizo zikazeni. Watoto wasiguse turubai kwa ndani likiwa limelowa, linaanza kuvuja pale pale walipogusa. Nailoni msiiache juani mchana kutwa bila sababu, jua linaichakaza. Yote mawili yakaushwe kabisa kabla ya kukunjwa. Mkirudi na mahema mabichi, yatandazeni siku hiyo hiyo, yakilala yamekunjwa yanaota ukungu.