Kocha wa mwanangu katupa mechi kwa uchu wa yadi 2. Niandike barua shuleni au ninyamaze?

MtoroWaTabora
Wakuu, habari za wikiendi. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, nabeba maboksi kama wengine. Mwanangu anasoma sekondari hapa, mwaka wa tatu, na yumo kwenye timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa yai. Alianza na soka. Wakauona mguu wake, wakamchukua awe mpiga panti.

Kwa msioujua: timu inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukifika la nne hujatimiza, kawaida unaupiga mpira kwa mguu uende mbali, wapinzani waanzie kwao huko. Hiyo ndiyo panti.

Ijumaa usiku tunaongoza 20-17. Jaribio la nne, bado yadi 2, tuko kwetu kwenye yadi ya 34. Refa akasimamisha saa kwa lile onyo la dakika 2 za mwisho. Hata mtoto wa chekechea angesema pigeni mbali, mkalinde. Badala yake timu ikakimbia na mpira. Wakakamatwa nusu yadi kabla ya mstari. Wapinzani wakaanzia hapo hapo, na zikiwa zimebaki sekunde 9 wakaingia. 24-20. Tumetolewa kwenye mtoano.

Mtoto hali, hasemi. Nataka kumwandikia mkuu wa shule kuhusu huyu kocha. Nifanye hivyo au niache? Matusi hapana.

Kijiwe_Nongwa
Ngoja waje wenye mpira wao. Mimi naujua ule ambao mguu ndio unafanya kazi na mkono ni faulo. Nimekaa, kahawa ninayo.

YadiMoja
Mkuu, kocha wako hana kosa kubwa kihivyo. Novemba 2009 Bill Belichick, kocha wa Patriots, alikuwa ugenini kwa Colts, anaongoza 34-28, zimebaki dakika 2 na sekunde 8. Jaribio la nne, yadi 2, yuko kwake yadi ya 28. Umeona? Karibu sawa na yako. Akakataa kupiga panti. Mrusha pasi wake Tom Brady akampasia Kevin Faulk, Faulk akadaka akisukumwa nyuma, marefa wakasema hajafika. Peyton Manning, mrusha pasi wa Colts, akamalizia, 35-34. Nchi nzima ilimtukana Belichick wiki nzima, lakini wapiga hesabu wengi walisimama upande wake: ukimpa Manning uwanja mrefu na muda ule bado atakuja, na ukizipata zile yadi 2 mechi imekwisha.

Mzee_wa_Kanisa
Ijumaa usiku, jua limeshazama, Sabato imeingia, familia iko uwanjani inapigia kelele ngozi ya mnyama. Halafu mnauliza kwa nini mtoto hali.

BintiWaNakuru
Pole sana kaka. Mimi niko Minnesota, na wangu anacheza timu ya vijana wadogo. Barua usiandike ukiwa na hasira. Ikae siku tatu, uisome tena.

MwanaSeattle
YadiMoja usitufundishe hesabu. Hesabu ndizo zilituua Februari 2015. Super Bowl, fainali ya ligi, sisi Seahawks tuko nyuma 28-24 kwa Patriots, sekunde 26, yadi MOJA. Mkimbiaji wetu Marshawn Lynch yupo nyuma pale, ametoka kuwaburuza watu yadi 4. Mpe mpira! Kocha Pete Carroll akaagiza pasi. Malcolm Butler wa Patriots, kijana ambaye hata kwenye usajili wa wachezaji wapya hakuchaguliwa na timu yoyote, akaidaka. Nililala na jezi.

YadiMoja
Lilikuwa jaribio la pili, na mlibakiwa na taimauti (nafasi ya kusimamisha saa) moja tu. Pasi isipodakwa saa inasimama, mnabaki na majaribio mengine 2. Lynch akikamatwa saa inatembea. Uamuzi haukuwa wa kijinga, matokeo ndiyo yalikuwa mabaya.

MwanaSeattle
Kaseme hivyo Seattle, barabarani, mchana.

BabuLishe
Mnanikumbusha mbali. Sisi kwenye mashindano ya wilaya tulikuwa na kipa, fundi kweli, ila alikuwa na ugonjwa wa kutaka kupiga chenga. Siku ya fainali tunaongoza moja bila, akatoka golini na mpira mguuni, mmoja chali, wa pili chali, kafika katikati ya uwanja, wa tatu akamnyang'anya akaupiga kutoka hapo hapo. Mpira ukawa unadunda pole pole kuelekea golini na sisi wote tunautazama. Tulikuja kujua baadaye kwamba mkwe mtarajiwa alikuwa jukwaani. Jamaa hakupanda lori na sisi. Alirudi kwa miguu akifuata reli, glavu mkononi.

Kijiwe_Nongwa
Na ndoa?

BabuLishe
Alipewa.

DadaMkubwa
Samahanini, turudi kwa mleta uzi. Nimesoma mara mbili. Umeandika "timu ikakimbia na mpira", "wakakamatwa". Watu kumi na moja hawashiki mpira mmoja. Kwenye panti mpira unarushwa nyuma kwa mpiga panti, na umesema mpiga panti ni nani. Nani alikimbia?

MtoroWaTabora
Hilo siyo suala dada. Suala ni kocha kutowaandaa vijana.

DadaMkubwa
Nani alikimbia?

MtoroWaTabora
Mwanangu.

DadaMkubwa
Kocha aliagiza akimbie?

MtoroWaTabora
Kocha aliagiza panti. Lakini subirini kabla hamjanirukia. Baada ya mechi kocha alisimama mbele ya wazazi wote akasema uamuzi ulikuwa wake, lawama apewe yeye, vijana waachwe. Amekiri mwenyewe, mbele ya watu. Sasa mimi ni nani nimkanushe mtu mzima?

Kijiwe_Nongwa
Lahaula. Kahawa imepoa.

BintiWaNakuru
Kaka! Mtu amemfunika mwanao na koti lake, wewe unataka kumshtaki kwa kukosa koti?

YadiMoja
Hapo sasa hesabu inabadilika. Doug Pederson wa Eagles, Super Bowl ya Februari 2018, jaribio la nne mlangoni mwa Patriots kabla ya mapumziko, akakataa pointi 3 za mguu. Kwotabeki, yaani mrusha pasi, Nick Foles akageuka mdakaji, tachidauni, wakafunga, mpaka leo wanaisimulia. Ila Foles alimfuata kocha pembeni akamtajia mchezo, kocha akasema sawa. Danganya toto wanayoijua watu wote 11 ni mchezo. Anayoijua mmoja ni ajali. Walinzi wake walikuwa wanazuia kwa ajili ya panti, hawakujua kama kuna mtu anakuja nyuma yao.

DadaMkubwa
Na wazo alilitoa wapi? Mtoto wa panti haamki tu na kukimbia kwenye mtoano.

MtoroWaTabora
Sawa. Alhamisi usiku tulikuwa mezani. Tulikuwa tunatazama video za wapinzani kwenye simu yake, nikaona yule kijana wao wa pembeni kulia kila panti anageuka mapema, anakimbilia nyuma kwenda kumlinda mdakaji wao. Mlango unabaki wazi. Nikachukua maharage kwenye sahani, nikayapanga mezani, 11 yao 11 yetu, yeye nikamfanya kifuniko cha soda. Nikamwonyesha. Nikamwambia ukiona yule harage kaondoka, pita. Mama yake akasema acha kuchezea chakula, tukacheka.

Na nieleweke: yule kijana KWELI aliondoka. Nafasi ilikuwepo. Mwanangu aliteleza kidogo kwenye kugeuka. Angeweka mguu vizuri tungekuwa tunaongea mengine hapa, mngekuwa mnaniita kocha.

MwanaSeattle
Nusu yadi. Nakuelewa ndugu yangu. Hakuna anayekuelewa kuliko mimi.

Mkaguzi_Mkuu
Mnapelekwa na mnapelekeka. Hii ni CHAI, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Mleta uzi anasema refa alisimamisha kwa "onyo la dakika 2". Hilo lipo NFL, ligi ya kulipwa, na vyuo wameanza nalo 2024. Sekondari hawana kitu hicho. Mzazi aliyekaa jukwaani msimu mzima hajui? Huyu kaangalia mechi kwenye televisheni, kachanganya na Belichick wa YadiMoja, kaongeza maharage.

Kijiwe_Nongwa
Nilijua. Maharage yalizidi.

YadiMoja
Mkaguzi yuko sahihi kuhusu onyo, nilipitiwa. Ila mimi Belichick nilimleta baada ya uzi kufunguliwa, kwa hiyo hakuniibia.

BabuLishe
Chai au si chai, sisi tunakunywa.

MtoroWaTabora
Siyo chai. Ilikuwa taimauti ya wapinzani, nimekosea jina.

Mkaguzi_Mkuu
Wapinzani wana hamu ya kusimamisha saa, sawa, hapo umejitetea vizuri. Swali dogo tu: ulikaa upande gani wa uwanja?

MtoroWaTabora
Sikuwepo.

Nina shifti ya usiku Ijumaa zote. Sijaiona mechi yake hata moja msimu huu. Shemeji yangu alikuwa ananirushia kwa simu, nimeiegemeza kwenye boksi, sauti nimezima ili msimamizi asisikie. Picha ikaganda akiwa ndiyo kwanza kaudaka mpira, mikono imenyooka mbele. Ikakaa hivyo kama dakika nzima. Iliporudi watu walikuwa wanamwinua. Maneno ya kocha nimeambiwa na shemeji.

Mkaguzi_Mkuu
Hapo nanyamaza.

BintiWaNakuru
Pole kaka. Kwa kweli pole. Sasa barua achana nayo. Mwite mtoto, mwambie maharage yalikuwa ya kwako. Halafu mkamwone kocha pamoja, mkamshukuru.

Mzee_wa_Kanisa
Nami hapo naunga mkono, ingawa Ijumaa bado ni Ijumaa.

DadaMkubwa
Mleta uzi mbona kimya? Barua hujaandika, au sivyo?

MtoroWaTabora
Niliituma saa moja kabla ya kufungua uzi.

Kijiwe_Nongwa
Sasa sisi tulikuwa tunashauri nini?

MtoroWaTabora
Nilitaka kusikia kama nimefanya vizuri. Sikutukana. Nilisema kocha aliagiza mchezo wa hatari bila mazoezi, na kwamba mwenyewe amekiri. Nikaomba mwakani asipewe timu. Nilikuwa nimetoka kazini, sijalala.

YadiMoja
Andika nyingine sasa hivi, uifute ile. Leo Jumapili, ofisi imefungwa, inawezekana haijasomwa.

BintiWaNakuru
Kaka, umetuma kwa barua pepe ipi? Nauliza kwa sababu kwetu hapa mambo yote ya shule yanapita kwenye akaunti aliyotufungulia mtoto, na inaingia kwenye simu yake kwanza.

MtoroWaTabora
Hata yangu alinifungulia yeye.

BintiWaNakuru
Kaka.

MtoroWaTabora
Ndiyo naangalia. Kuna jibu la kocha, la dakika 40 zilizopita. Anasema asante kwa kuandika, anaelewa uchungu wangu, tuonane kesho saa tisa. Limeshafunguliwa. Mimi sijalifungua.

Taa ya chumbani kwake imewaka. Anashuka ngazi. Ngojeni.

MwanaSeattle
Tunangoja.

Kijiwe_Nongwa
Mkuu, mrejesho.

BabuLishe
Mwacheni kwanza.