Mlioingia kwenye malori ukubwani, tupeane uzoefu (Kanda ya Ziwa)

Mwana Igoma: Wakuu, jana napita Usagara nikamkuta mzee mwenye mvi anafundishwa rivasi na tela, kijana kasimama nyuma anampigia kelele "kata, kata, rudisha!" Nikakumbuka mbali. Kiwanda cha samaki kilipotupunguza nilikuwa na miaka 42, watoto wako shule, leseni yangu ya gari ndogo tu. Mliopitia njia hii, mwageni uzoefu. Kuna vijana wa jana na kuna sisi.

Baba Nyasaka: Rivasi na semi, acha kabisa.

Tela Refu: Mlioshuka mlima Sekenke kule Singida na mzigo mtanielewa. Nilikuwa najifunza, nimekaa upande wa utingo, tunatoka Dar na simenti. Dereva ni sawa na mdogo wangu wa mwisho, lakini namwita mkuu maana yeye ndiye mwenye usukani. Tumeiacha Misigiri, mteremko umeanza, akatia nyutro, gari lijiendee bila gia, eti tubane mafuta. Gari likachanganya. Kona ya kwanza breki ikashika. Ya pili nikasikia harufu ya breki kuungua, kutazama kioo cha pembeni naona moshi kwenye matairi ya tela. Mshale wa upepo wa breki unashuka, king'ora kinalia ndani ya kebini. Anatafuta gia, haiingii, inakwaruza tu. Mbele yetu basi limejaa watu. Nikampigia kelele, "Lilaze ukutani!" Akaliingiza kwenye mtaro wa upande wa mlima, ubavu ukaparuza mwamba, kioo cha kushoto kikapasuka, likagota. Mifuko imepasuka, simenti imetanda hewani hatuonani. Jamaa kang'ang'ania usukani, ikabidi nimbandue vidole kimoja kimoja. Mimi mlima nashuka na gia ileile ambayo ningeupandia, na breki ya injini naiwasha kabla ya kona, siyo ndani ya kona.

Baba Nyasaka: Mungu mkubwa.

Kichwa Cheupe: Nyutro inasingiziwa. Hizo breki zilikuwa mbovu. Posho yenyewe kiduchu, mafuta unapimiwa, yakipungua unakatwa. Usipobana watoto watakula nini?

Tela Refu: Ndugu, breki nzima nayo ikipata moto haishiki. Tani 56 kwa ujumla ziko mgongoni mwako, unaziachia zikusukume?

Kichwa Cheupe: Nimeendesha kabla wewe hujaijua clutch.

Utingo wa Zamani: Tusivunjiane heshima, mada ni umri. Ushauri wangu: anza utingo. Funga turubai, piga jeki, lala chini ya gari, ndipo ushike usukani.

Dada Kahama: Mtu wa miaka 45 aanze utingo atumwe chai na watoto? Aende VETA, au NIT, chuo cha usafirishaji kule Dar, kama ana uwezo, apate leseni ya daraja E ya malori, mambo ya turubai atajifunzia njiani.

Utingo wa Zamani: Cheti hakibadilishi tairi, dada yangu.

Mama Kirumba: Mume wangu alianza na 45, anapakia dagaa soko la Mwaloni. Niwaambie kitu ambacho wanaume hamsemi: presha. Kakaa kwenye kiti siku nzima, anakula chipsi usiku, miguu imevimba. Pimeni macho, presha na sukari KABLA ya kulipa ada. Na mkifika salama pigeni simu nyumbani, hata iwe saa nane usiku. Sisi hatulali.

Mwana Igoma: Hilo la simu limenigusa, mama. Kwangu kikwazo kilikuwa mabosi: kila mmoja anataka uzoefu wa semi, na gari hakupi. Nilitokea kwenye Fuso, nikawa deiwaka, dereva wa kushikishwa gari kwa siku, nikaaminiwa polepole.

Kijana wa Sengerema: Anzeni njia ya Geita. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 hivi, dakika chache umevuka. Hamna tena kulala foleni ya kivuko.

Utingo wa Zamani: Foleni ile ndiyo ilikuwa chuo chetu. Wazee walikuwa wanakaa hapo wanakufundisha hadi kufunga cheni.

Dada Kahama: Wazee haohao waliokuwa wanakopa chai ya mama ntilie wasilipe 😂

Baba Nyasaka: Tela Refu, yule dereva yuko wapi?

Tela Refu: Yupo njia ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Nyutro hataki hata kuisikia.

Kichwa Cheupe: Sawa, Sekenke nakubali. Ila tambarare ya Igunga mniache.

Mchanga Buhongwa: Nina Fuso, natafuta mtu mzima asiyekunywa, daraja E iwe hai. Aje PM.