Kahawa safarini: AeroPress, moka, au nibaki na ya kopo? Nanunua Ijumaa

Kamba na Nguzo
Wakuu salaam. Nasafiri sana kikazi na nimechoka na kahawa ya kukoroga ya gesti. Nyumbani nimezoea ya kuchuja, ile ukifungua pakiti jirani anajua. Kuna muuzaji ana AeroPress iliyotumika kidogo, lile bomba la plastiki la kusukumia kahawa kwenye karatasi ya kuchujia, na moka mpya ya vikombe vitatu, kile kibirika cha jikoni ambacho maji hupanda juu kupitia kahawa. Kaniwekea zote mpaka Ijumaa. Nichukue ipi? Naomba waliotumia, si waliosikia.

Bibi Kikombe
Unasafiri kwa ndege, basi au gari la ofisi? Unakolala kuna umeme? Uko peke yako? Unanunua punje au iliyosagwa? Wewe umeenda kwa fundi kuuliza nguo yako itakula mita ngapi, halafu hutaki kusimama upimwe.

Mzee wa Dele
Nimevuta mkeka, kashata ninayo. Endeleeni.

Shemeji wa Mbozi
AeroPress, mkuu, usijiulize mara mbili. Ni plastiki, ukiidondosha unaiokota tu. Aliyeibuni ni Alan Adler, Mmarekani yule yule aliyebuni zile pete za kurusha za Aerobie, akaitoa 2005. Mimi naweka kahawa vijiko viwili vilivyojaa, maji ya moto, nakoroga, nahesabu dakika moja na nusu, nasukuma. Machicha yanatoka yameshikana kama kitumbua, unayabwaga kwenye taka, unasuuza, unarudisha begini. Kwa sinki za gesti zetu ambazo maji yanashuka kwa kusuasua, hilo peke yake linatosha kunishawishi.

Ubaya wake ni karatasi za kuchujia. Zikikuishia uko Namanyere, utachujia soksi.

Fundi Saketi
Mimi naipinga moka na nitaeleza kwa nini, mnisamehe kwa urefu.

2019 nilikuwa Kigoma wiki sita, kazi ya kufunga jenereta. Kaka yangu alinizawadia moka, akaniambia Waitaliano wote wanatumia hiyo. Sikuuliza zaidi. Nikaenda sokoni nikanunua kahawa ya kijiweni, ile iliyotwangwa mpaka inapeperuka ukikohoa. Asubuhi nikajaza kile kikapu cha kahawa cha ndani mpaka juu, nikashindilia kwa mgongo wa kijiko, maana niliwaza nikibana zaidi itakuwa kali zaidi. Nikaweka juu ya mtungi mdogo wa gesi, humo humo chumbani, moto mkubwa. Nikaingia bafuni kupiga mswaki.

Nikasikia mlio kama nyoka. Natoka na povu mdomoni nione kuna nini, ikafyatuka. Kahawa ilikuwa darini, ukutani na kwenye pazia. Ilikuwa pia kwenye shati jeupe nililoning'iniza mlangoni, na siku hiyo nilikuwa na kikao na wakubwa saa tatu. Mama mwenye gesti akaja mbio, akasimama mlangoni, akatazama dari, akanitazama mimi, akauliza: "Baba, umechinja nini humu?"

Nililipa rangi, elfu arobaini. Kikaoni nilikaa na koti zipu juu mpaka shingoni, Kigoma, kwenye lile joto.

Bibi Kikombe
Pole, lakini hiyo kesi moka inashinda asubuhi tu. Umekosea kila kitu. Kahawa ya moka haisagwi laini vile na haishindiliwi kabisa, unasawazisha kwa kidole basi. Maji yanaishia chini ya ile valvu ya pembeni, inayotoa mvuke ukizidi. Moto uwe mdogo, na husogei pale mpaka uanze kusikia inakoroma, hapo unaitoa haraka. Valvu ilikupigia kelele, wewe ukawa unapiga mswaki.

Chombo hicho Bialetti alikitoa 1933, mwaka ule ule KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, inaanzishwa Moshi. Kingekuwa bomu tungeshasikia.

Fundi Saketi
Bibi, sawa, kosa langu. Lakini chombo cha safari kinatakiwa kivumilie mtu aliyeamka sasa hivi.

Maskati Kwa Muda
Niongeze la moka kabla hamjaenda mbali. Nilipohamia Muscat nilikuja na yangu ya aluminiamu. Nyumba niliyopangiwa ina jiko la kioo la umeme, lile linalopasha vyombo vinavyoshika sumaku tu. Moka ilikaa pale juu baridi kama mgeni asiyekaribishwa. Ukishika sumaku ya friji ukaigusisha kwenye kitako cha chombo isinate, ujue jiko hilo halitaitambua. Siku hizi nakunywa ya kwao huku, nyepesi, ya iliki, na tende pembeni. Nimeacha kulalamika.

Kamba na Nguzo
Samahani wakuu, nilikuwa nje ya mtandao. Majibu: gari la ofisi. Tuko watatu, mimi, dereva na msaidizi wangu. Kazi ni upimaji wa ardhi, safari hii Tabora hadi Mpanda, wiki tatu. Mjini umeme upo, kambini hakuna, tunapikia mkaa. Kahawa nanunua imesagwa. Halafu nilisahau, bosi atatufuata wiki ya pili, naye anakunywa.

Bibi Kikombe
Umeona sasa? Umetuuliza chombo cha mtu mmoja, kumbe una ukoo mzima.

Shemeji wa Mbozi
Duh. Hapo nabadilika kidogo. AeroPress inatoa kikombe kimoja kwa mkupuo. Ukimaliza cha bosi, cha dereva kinasubiri, na chako utakunywa watu wameshapanda gari. Moka ya vikombe vitatu nayo isikudanganye, hivyo "vikombe" vyao ni kama vile vya Mzee wa Dele, unajaza koo tu.

Mzee wa Dele
Nilikuwa nawasubiri mfike hapa. Watu wanne, mkaa, kambi porini, halafu mnajadili plastiki ya Mmarekani. Chukua sufuria yenye mfuniko na chupa ya chai ya lita moja. Chemsha maji lita moja, ipua, subiri yatulie kidogo. Tia kahawa vijiko vya chakula kumi, iliyosagwa chengachenga, siyo vumbi. Koroga mara moja, funika, dakika nne. Kisha nyunyiza juu maji ya baridi kijiko kimoja au viwili, utaona machicha yanashuka chini yenyewe. Mimina taratibu kwenye chupa ya chai, kile cha mwisho kibaki sufuriani. Mkitaka tangawizi, iponde itangulie kwenye maji.

Marehemu baba alizunguka na dele lake Tanga mjini miaka mingi, mkaa chini, vikombe mkononi anavigonga ka ka ka. Hiyo ndiyo kahawa ya safarini, ilikuwa inatembea yenyewe.

Shemeji wa Mbozi
Mzee hapo kwenye tangawizi tunaachana. Arabika nzuri ya Mbozi au Mbinga ukiitia tangawizi umeifunika shuka.

Mzee wa Dele
Na wewe ukiinywa bila tangawizi saa kumi na moja alfajiri utapata kiungulia. Tusigombane, kila mtu na tumbo lake.

Punje Nzima
Mnaongelea vyombo, hakuna anayeongelea kahawa yenyewe. Iliyosagwa wiki tatu kwenye gari, dashibodi inachoma, hata ungekuwa na mashine ya milioni tano utakunywa maji ya kahawia. Kahawa ikishasagwa hewa inaiingia kila upande, harufu inaondoka siku chache tu. Nunua kisagio cha mkono, kile chembamba kama tochi, na ubebe punje. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, kiwe hicho. Sufuria ya Mzee iko kila mahali.

La pili, maji. Nikiwa Dodoma nanunua ya chupa kwa ajili ya kahawa tu, ya bomba yana chumvichumvi na kikombe kinakuwa kizito. Tabora sijui utayakutaje, onja kwanza.

Fundi Saketi
Hili la maji na mimi nina swali. Nikiwa Mbeya kahawa yangu hutoka pooza kuliko Dar, pakiti ile ile. Ni akili yangu?

Punje Nzima
Siyo akili yako. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Dar tunasubiri yapoe kidogo kabla ya kumimina. Mbeya ukisubiri umeshachelewa, mimina yakiwa bado yanatokota na uongeze dakika.

Kagera Damu
Nimesoma mpaka hapa nacheka. Sisi Wahaya tulishamaliza hii mada kabla wazungu hawajafika na miche yao ya arabika. Amwani. Robusta inachemshwa na majani, inakaushwa, unatia mfukoni, unatafuna njiani. Hakuna maji, hakuna karatasi, hakuna valvu ya kukupigia kelele. Mgeni akifika nyumbani anawekewa hiyo kabla ya kuulizwa habari. Na robusta ina nguvu karibu mara mbili ya hizo arabika zenu za kunusa.

Shemeji wa Mbozi
Nguvu siyo ladha. Hata spiriti ina nguvu.

Kagera Damu
Ukiwa njiani usiku kutoka Biharamulo unataka ladha au unataka macho?

Mama Wawili Safarini
Mimi niwatetee wenye kopo, maana mnawasema kama wamekosa adabu. Africafe inatengenezwa Bukoba, ni kahawa iliyokwisha kupikwa wakaitoa maji, wewe unayarudisha. Nina watoto wawili na mabegi manne. Kopo dogo, chupa ya maji ya moto, maziwa ya unga, nimemaliza. Siku nikiwa peke yangu nitawasikiliza.

Bibi Kikombe
Dada, hakuna aliyekusema. Mleta mada ndiye aliyesema amechoka nayo.

Kamba na Nguzo, kitu kimoja: kama kuna siku mtapanda ndege, mitungi ya gesi ya kambini haipandi, si ya mkononi wala ya kukabidhi. Mwenzangu aliachwa na mtungi wake pale kwenye ukaguzi.

Mzee wa Dele
Ijumaa ilikuwa juzi. Mleta mada ulinunua ipi?

Fundi Saketi
Ameshaingia porini huyo. Mkuu kama AeroPress hukuichukua nitupie namba ya muuzaji.

Punje Nzima
Hivyo hiyo amwani hapa Dar inapatikana wapi? Nauliza kwa utafiti tu.

Kagera Damu
Hahaha, mlianza na valvu na nyuzi joto. Njoo chemba. Shangazi anapanda basi Jumapili, mwambie unataka ngapi kabla hajafunga mzigo.