Pikapu ya manuali au oto, mnaoishi nazo kila siku mnasemaje?

MzigoKwanza:
Wakuu habari zenu. Nataka kubadilisha pikapu na nimekwama sehemu moja tu, giaboksi. Niliyonayo ni manuali ya gia 5, dizeli, fowili (inaweza kuendesha matairi yote manne), nimeizoea mpaka mguu unajua wenyewe klachi inashikia wapi. Sasa ninayoitaka (ni iliyotumika, sio mpya) nimeipata ya aina zote mbili, injini ileile bodi ileile, moja manuali moja oto.

Matumizi yangu ni haya: asubuhi na jioni foleni kama kila mtu, katikati ya wiki napakia vifaa vya ujenzi nyuma, mara kwa mara nafunga tela, na njia ya kuingilia saiti ni ya udongo, ina mlima mmoja mkali ambao mvua ikinyesha hauna mchezo. Mke wangu naye anaiendesha, manuali anaiweza ila haipendi.

Kila ninayemuuliza ananiambia "oto laini, haiwezi mzigo" au "manuali imepitwa na wakati" na mazungumzo yanaishia hapo. Naomba walioishi na zote mbili waniambie maisha yanakuwaje hasa, mlimani na mzigo, kwenye kuteremka, foleni, na siku ikiharibika.

TelaNyuma:
Ndugu, mi nimekaa na manuali miaka mingi na sasa naendesha oto, zote pikapu na zote zinavuta tela. Foleni usijiulize mara mbili, oto inashinda, na wala sio uvivu kama watu wanavyosema. Klachi ya pikapu ya dizeli ni nzito kwa sababu presha pleti inatakiwa ibane sahani ya klachi isiteleze injini ikitoa nguvu zake zote, sasa ukanyage hiyo pedo sogea simama sogea simama saa nzima, jioni goti la kushoto linauma kweli. Alafu ukishachoka unaanza kupumzisha mguu juu ya pedo bila kujijua, hapo beringi ya klachi inaliwa taratibu.

Ila kilichonifanya nihame sio foleni, ni rivasi. Rivasi ya manuali kwenye pikapu nyingi ni ndefu, gari linataka kwenda haraka kuliko unavyotaka wewe, wakati tela linataka sentimita kwa sentimita maana likishajikunja limejikunja, uanze upya. Kwahiyo unashikilia klachi nusunusu, macho kioo cha kushoto, kioo cha kulia, tela lina mzigo na sehemu inapanda, mara ile harufu kali ya sahani inayoungua inaingia ndani na bado hujafika popote. Kwenye oto unaweka R, unaachia breki kidogokidogo, linarudi lenyewe polepole, mguu mmoja tu unafanya kazi na akili yote iko kwenye tela.

Ukibaki na manuali basi rivasi ya namna hiyo ifanyie kwenye lo (zile gia fupi za fowili, za nguvu na mwendo wa pole), gari litatambaa klachi umeiachia yote. Lakini iwe kwenye udongo au unarudi moja kwa moja, maana kwenye lami kavu ukikata kona na lo za kawaida mfumo wa fowili unajibana.

Kwa mimi, chukua oto.

FundiWaGia:
Naomba niongee kama fundi, giaboksi ndo kazi yangu. Hili swali la ipi inadumu watu wanaliuliza vibaya. Zote zinadumu. Adui wa zote mbili ni joto, tofauti ni kwamba moja inakupa taarifa mapema na nyingine inanyamaza.

Manuali joto lake kubwa liko kwenye sahani ya klachi, na linatokea pale tu inapoteleza, yaani unapoondoka au unaposhikilia mlimani kwa klachi. Ukishaiachia yote, injini na giaboksi vimeshikana, hakuna kinachoteleza, panda mlima utakavyo. Na ikianza kuchoka utajua, utanusa, utaona resi za injini zinapanda mwendo haupandi. Fundi anashusha giaboksi, sahani presha pleti na beringi vinabadilishwa kwa pamoja, kazi imeisha. Angalizo moja tu, dizeli nyingi za kisasa zina flaiwili (lile gurudumu zito la chuma kati ya injini na klachi) ya vipande viwili yenye springi katikati, hiyo nayo inachoka na ni gharama, kwahiyo wale wanaosema manuali siku zote ni rahisi kutengeneza waangalie kwanza gari lenyewe lina flaiwili gani.

Oto haina klachi ya mguu, ina toki konveta. Injini inasukuma oili, oili ndo inazungusha upande wa giaboksi. Uzuri wake ni kwamba gari likiwa linaondoka toki konveta inaongeza nguvu ya kuzungusha, nyingi zinafika karibu mara mbili, ndo maana oto inaondoka mlimani na mzigo bila kuhangaika. Kwahiyo anayekuambia haiwezi mzigo hajaielewa. Ubaya ni kwamba oili ikikorogwa inachemka. Ukiwa na mwendo mzuri kuna loku inashika ndani, inaunganisha injini na giaboksi moja kwa moja, na kukoroga kunaisha, shida ni mlima mrefu, mzigo mzito, mwendo wa pole, pale loku haijashika na upepo wa kupooza hautoshi. Oili ya oto nyingi inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 mpaka 95 hivi, ikikaa juu ya 120 inaanza kuharibika haraka, na wewe ndani ya kabini husikii chochote. Unakuja kujua siku gia inachelewa kushika, na siku hiyo oili imeshaharibika zamani.

Kwahiyo mwenye oto na tela afanye haya. Ahakikishe kuna redieta ya oili ya giaboksi inayojitosheleza. Mlima mkali wa kwenye udongo aweke lo kabla hajaanza kupanda, watu wengi wanadhani lo ni ya kujikwamua kwenye tope tu, hapana, kwenye oto inapunguza sana kuteleza kwa toki konveta na oili inabaki na joto la kawaida. Na abadilishe oili! Hiki kitu kinaniuma kila wiki, mtu anakuja na giaboksi imekufa anasema aliambiwa oili ni ya maisha. ZF wanaotengeneza giaboksi ya gia 8 iliyo kwenye Amarok (pikapu ya Volkswagen) za kizazi cha kwanza wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na mtu anayevuta tela anatakiwa awahi zaidi ya hapo. Na iwe oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, sio inayofanana nayo.

GiaTanoTu:
Mi bado nasimama na manuali na sababu zangu ni za porini. Betri ikifa unalisukuma, gia ya pili, achia klachi, limewaka. Oto huwezi kuishtua hivyo, toki konveta haiwezi kurudisha mzunguko kwa injini iliyozima. Na siku limekufa kabisa, manuali unaweka nyutro linavutwa kistaarabu, oto nyingi pampu yake ya oili inaendeshwa na injini, injini ikiwa imezima ukalivuta matairi yakizunguka chini mle ndani panakauka na giaboksi inakwenda. Inabidi matairi yanayoendesha yanyanyuliwe au propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi) ifunguliwe, na fowili ndo uangalie kitabu kabisa.

Cha pili ni kuteremka. Gia ya kwanza kwenye lo, mguu mbali na pedo zote, gari linashuka lenyewe kama limeshikwa kwa kamba. Utulivu ule kwenye udongo wa kuteleza sijaupata kwenye oto.

MzigoKwanza:
Asanteni sana, mmenipa vitu nilivyokuwa navitafuta. Fundi hilo la lo kabla ya kupanda sikulijua kabisa. Maswali mawili. Moja, huko kuteremka, oto inakuwaje mzigo ukiwa nyuma, maana huo mlima wa saiti kuushuka ndo unaonitia hofu kuliko kuupanda. Mbili, kuna mtu kaniambia injini ileile inatoa nguvu ndogo ikiwa na manuali, ni kweli au ni stori?

SpanaKumi:
Hilo la pili ni kweli kwa baadhi. Mfano mzuri ni Hilux ya dizeli 2.8 iliyoboreshwa 2020, yenye oto ina toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 500, yenye manuali Nm 420, na nguvu ya juu ya injini ni ileile. Sio kwamba injini ni tofauti, kompyuta ya injini imewekewa kikomo ili klachi na giaboksi ya manuali visizidiwe. Pikapu za Ram za kazi nzito za Marekani zenye injini ya dizeli ya Cummins ilikuwa hivyohivyo, tena pengo lilikuwa kubwa zaidi, na 2018 ndo ulikuwa mwaka wa mwisho wa wao kuweka manuali. Toyota Tacoma iliyotoka 2024 bado ina manuali ya gia 6 lakini nayo imepungua kidogo, farasi 270 badala ya 278 za oto.

Kwahiyo mkuu hizo gari mbili ulizozipata usichukulie kwamba ziko sawa kwa sababu jina la injini ni moja, tafuta takwimu za kila moja. Japo na mimi nasema Nm 420 kwa matumizi uliyoyataja ni nyingi, hutakaa chini ulie kwamba nguvu haitoshi.

Kwenye matumizi ya mafuta pia ile hadithi kwamba manuali inakula kidogo ilikuwa kweli enzi za oto za gia 4. Siku hizi kuna oto za gia 6, 8, Ford Ranger ina mpaka za gia 10, injini inakaa kwenye resi nzuri muda mwingi, tofauti imekuwa ndogo sana na sehemu nyingine imegeuka.

TelaNyuma:
Nakujibu la kuteremka. GiaTanoTu yuko sahihi kwamba manuali inashika zaidi, hilo simbishii. Ila watu wengi wanaolalamika oto haishiki kwenye mteremko wanashuka wakiwa kwenye D. Ukiiacha D giaboksi inaweza kupanda gia kutafuta mafuta kidogo, gari linakimbia, unabaki na breki peke yake mpaka zinachemka na pedo inalainika. Unatakiwa juu kabla hujaanza kushuka usimame, uweke lo, lever uipeleke upande wa M au namba uchague ya kwanza au ya pili, ndo uanze. Ukiona bado mwendo unaongezeka unagusa breki kwa nguvu kidogo, mwendo ukipungua unaachia, usiegeshe mguu kwenye breki mlima mzima. Na ikiwa ina ule mfumo wa kushusha gari wenyewe utumie, nao unafunga breki tairi moja moja, kitu ambacho wewe kwa mguu huwezi.

N kwenye mteremko usithubutu, iwe oto iwe manuali, tena na tela nyuma.

Alafu jambo la mke wako usiliweke mwisho. Gari la watu wawili lazima wote wawe huru nalo, siku wewe huwezi kuendesha na mzigo uko saiti nani atalileta?

GiaTanoTu:
Hilo la mwisho sina pingamizi. Na niongeze tu, akichukua oto atembee na nyaya za kuwashia betri na aangalie umri wa betri kila mara.

MzigoKwanza:
Nimewaelewa wote, kwa kweli naegemea oto, mradi giaboksi yake iwe nzima. Fundi, nikienda kuliangalia niangalie nini? Na ile ya manuali pia, sitaki kuifuta kabla sijaiona.

FundiWaGia:
Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, ulikute la baridi. Oto ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli, ikishapata moto inaweza kuficha. Liwashe, mguu kwenye breki, toa P weka R, subiri, weka D, subiri. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi bila kugonga. Ikikaa kimya kidogo alafu ikashtuka, achana nayo. Kama ina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kivute, oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni jibu tosha, kama haina kijiti basi ipandishwe juu fundi afungue nati ya usawa aone. Ukiendesha, kanyaga mafuta taratibu mpaka mwendo wa barabara kuu, loku inaposhika utaona resi zinashuka kidogo, kusiwe na mtetemo kama unapita kwenye matuta madogomadogo. Alafu muulize karatasi za kubadilisha oili. Ukiambiwa haibadilishwi, hiyo bei ni ya gari ambalo huenda likahitaji giaboksi, zungumza naye hivyo.

Manuali: mwendo wa wastani, gia ya nne, kanyaga mafuta mpaka chini. Resi zikiruka na mwendo haufuati, klachi imekwisha. Likiwa linaunguruma tu limesimama nyutro, kanyaga klachi taratibu usikilize, mlio ukianza unapokanyaga ni beringi ya klachi, mlio ukipotea unapokanyaga huo mara nyingi ni wa beringi za ndani ya giaboksi yenyewe, hiyo ya pili ni kazi kubwa. Na wakati wa kuzima injini sikiliza kama kuna mgongano wa chuma huko kwenye flaiwili.

Zote mbili zipande mlima wakati wa majaribio, usikubali kuzungushwa kwenye tambarare tu. Ukishaziona niandikie ulichosikia, hata kama ni mlio mdogo.