Ubingwa wa upasuaji au utafiti wa usugu wa dawa? Niko Kigoma

Dokta wa Ujiji
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza intani, sasa niko wodi ya upasuaji, hospitali moja mkoani Kigoma. Nyumbani wanataka nisomee upasuaji. Mimi roho imehamia kwenye usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kuna mama alijifungua kwa operesheni. Siku ya tano kidonda kikafumuka, kitambaa cha kufungia kidonda kinatoka na usaha wa kijani, harufu kama ya matunda yaliyolala. Tukampiga antibiotiki ya sindano, seftriaksoni, tukaongeza nyingine, metronidazo, wapi. Kuotesha vimelea maabara ili kujua dawa ipi inaviweza, kwetu hakuna. Mume wake, mvuvi, aliuza nyavu ili anunue sindano. Mama alipona baada ya wiki sita. Je, kazi hii ya utafiti ina maisha, au nitaishia kwenye darubini?

Mzee wa Mwanga
Kasome upasuaji kwanza dogo. Maabara haikimbii.

Mama Vimelea
Marahaba mdogo wangu. Mimi mtoto wa Tabora, mwaka wa kumi na nne huu kwenye kazi hiyo. Usaha wa kijani mara nyingi ni bakteria aitwaye Pseudomonas, na seftriaksoni haimwezi. Mvuvi wa watu aliuza nyavu bure, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Darubini ni sehemu ndogo. Nimewahi kukaa saa tatu kwenye stuli, wodi ya watoto wachanga, naandika nani ananawa mikono kabla ya kumgusa mtoto. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu asubuhi. Siku nyingine unashika sahani ya vimelea: vidonge sita vya dawa, na vimelea vimeota mpaka ukingoni mwa vyote sita. Hakuna hata duara moja tupu la kuonyesha kuwa dawa imevizuia. Unajua mwenye sampuli ile yuko kitanda namba ngapi.

Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2007 ulionyesha watoto wenye vimelea sugu kwenye damu walikufa zaidi. Hayo yalipatikana kwa sababu kuna watu walikaa wakaotesha damu, mtoto mmoja mmoja. Hela ni ya kusubiri ruzuku, sikufichi. Ila Muhimbili wanafundisha ubingwa wa mikrobiolojia, omba.

Dokta wa Ujiji
Asante dada. Kesho nina zamu na kuna kidonda kingine. Nikichukua sampuli niiweke kwenye nini mpaka ifike maabara Mwanza?

Mama Vimelea
Kijiti cha pamba chenye Amies, yaani jeli ya kusafirishia vimelea, siyo kopo la mkojo. Safisha kidonda kwa salaini kwanza, chukua kabla ya sindano ya antibiotiki, andika saa. Isizidi siku mbili njiani.