Mitego ya mbegu msituni Amani: wavu gani, iwekwe wapi, na ikaguliwe lini?

Mdau_Muheza:
Wadau wa misitu, salaam. Tunaandaa ufuatiliaji wa uzaaji wa mbegu upande wa Amani, wilayani Muheza, lengo ni miaka 10 au zaidi. Miti tunayoilenga ni mkangazi, mvule, mnyasa na msambu. Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) tunacho. Mtego wa kudakia mbegu zinazoanguka uwe na ukubwa gani, wavu wa aina gani, na tukague kila baada ya siku ngapi? Na mbegu zilizotobolewa na fukusi zinahesabiwa au zinatupwa?

FundiMitego:
Kata bomba la plastiki la nusu inchi, mita 2.51, ulikunje liwe duara. Kipenyo kitakuwa sm 80, eneo nusu mita ya mraba, na hesabu zote za mbele zitakuwa nyepesi. Ncha ziunge kwa kijiti cha kuchomeka ndani. Ukizipandisha moja juu ya nyingine, duara linapungua na eneo si lile tena.

Wavu wa dirishani wa nailoni unafaa, tundu lisizidi mm 1, maana mbegu ya mvule ni kama mm 2 tu. Chandarua chenye dawa usikiguse: kinaua wadudu wanaotoka ndani ya mbegu, na hao ni sehemu ya taarifa yako. Mfuko uwe na kina cha sm 50 ili mbegu isidunde ikatoka, na uweke kijiwe chini upepo usiupindue. Mdomo ukae mita 1 kutoka ardhini, na uusawazishe kwa pima maji, kwa sababu mtego ulioinama unapokea kidogo.

Nguzo ndizo zinazosumbua. Mti mbichi huchipua, mkavu huliwa na mchwa, nondo huibwa ikauzwa chuma chakavu. Pigilia kipande kifupi cha nondo, kisha kivishe bomba la plastiki la inchi 1. Chuma hakionekani.

Kagua kila siku 14. Masika iwe kila siku 7, la sivyo mbegu zinaoza au kuota humo humo mfukoni.

MwanaUsambara:
Fundi amemaliza upande wa vifaa. Naongeza la miti yenyewe, ambalo wengi hulisahau: mvule na msambu vina mti dume na mti jike. Mti dume hauzai hata uusubiri miaka 10. Tambueni jinsia wakati wa maua, mwandike kwenye kibao cha namba, msije mkaita dume "mti usiozaa".

Tunda la msambu ni zito, litachana wavu. Hesabuni matunda yaliyoanguka chini ya miti ile ile kila mwaka, na mkubaliane mapema na wanakijiji wanaookota mbegu zake kwa ajili ya mafuta, maana wao hufika kabla yenu. Mkangazi unahesabika kwa darubini matunda yakiwa bado hayajapasuka. California, Marekani, mialoni inafuatiliwa hivyo tangu 1980: watu wawili, kila mmoja anahesabu sekunde 15, wanajumlisha. Njia yenyewe ni rahisi, na nguvu yake ni kwamba haibadilishwi. Mti unaweza kuzaa sana mwaka mmoja kisha ukanyamaza. Ukibadili wavu katikati, hutajua kilichobadilika ni mti au mtego.

Mitego msiichagulie miti inayopendeza. Pimeni mstari, mwekeni kila mita 20 popote panapoangukia.

Mdau_Muheza:
Asanteni wakuu. Mtego ukikutwa mtupu, niache nafasi wazi kwenye daftari?

FundiMitego:
Hapana ndugu yangu, andika 0. Nafasi wazi uachie mtego ulioraruka au kuangukiwa na tawi, na uandike sababu. Ukiwa na mitego 20 na miwili imeraruka, gawa kwa mita za mraba 9. Ukigawa kwa 10, umejipunguzia sehemu moja ya kumi ya mbegu.

Za fukusi usitupe. Tenga mafungu matatu, nzima, mapepe (zisizo na kitu ndani) na zilizotobolewa, ukizipasua kwa kisu pale unapotia shaka. Kumbuka pia kwamba popo na ndege hula juu kabla, kwa hiyo mtego unakuonyesha kilichobaki. Beba mbegu kwenye bahasha za kaki. Mfuko wa plastiki huleta ukungu kabla hujafika Muheza.